Simu janja kwa mtoto: mambo ya kupima kabla ya kwenda dukani

Swali hili hurudi studioni kila mwaka, hasa katika nyakati mbili. Wakati wa kwanza ni pale fedha za kakao na mpunga zinapoingia mikononi mwa wakulima. Wa pili ni Novemba, wanafunzi wa kidato cha nne wanapomaliza mtihani wa taifa na kurudi nyumbani kusubiri matokeo. Wazazi wa Kyela mjini, Ipinda, Matema hadi Kasumulu huuliza jambo moja: mtoto anataka simu janja, nimnunulie ipi?

Wengi hutarajia kutajiwa jina la kampuni. Jibu la namna hiyo halidumu, maana matoleo hubadilika kila baada ya miezi michache, na simu iliyosifiwa mwaka huu mwakani haipo dukani. Kinachodumu ni maswali manne. Simu inakwenda kufanya kazi gani? Laini itakayowekwa ndani ni ya nani? Kifaa chenyewe kitastahimili mazingira yetu? Na nani ataisimamia ikishafika nyumbani? Swali la laini ndilo wazazi wengi hulisahau, na ndilo linaloweza kukugharimu kuliko bei ya simu yenyewe.

Anza na kazi ya simu

Kabla hujaingia dukani, andika kwenye karatasi kazi ambazo simu hiyo itafanya. Usiandike "ni ya mtoto." Andika "kunipigia akichelewa kutoka twisheni," au "kusoma vitabu vya kidato cha tatu," au "kufuatilia matokeo na maombi ya chuo." Kazi ndiyo inayoamua aina ya simu.

Mtoto wa shule ya msingi kwa kawaida hahitaji simu yake mwenyewe. Akihitaji kuangalia somo, atumie simu ya mzazi, sebuleni, kwa muda mnaokubaliana. Shule zetu hazimruhusu mwanafunzi kuja na simu darasani, kwa hiyo hata ukimnunulia itabaki nyumbani au itafichwa kwenye begi hadi siku mwalimu atakapoikamata. Mtoto wa bweni naye ni hivyo hivyo. Namba ya mwalimu wa malezi au matroni itakusaidia zaidi kuliko simu iliyofichwa chini ya godoro.

Kama shida yako ni kumpata tu, kwa mfano anavuka mto kwenda shule au anabaki peke yake wakati wewe uko shambani, kitochi kinatosha. Kinapiga, kinapokea, kina tochi, chaji inakaa siku kadhaa, na kikianguka unakiokota na kuendelea. Vingi vina redio pia, na sisi wa studioni hatuna malalamiko juu ya hilo.

Kati ya kitochi na simu janja kuna simu za vibonye zenye intaneti, zinazotumia mfumo wa KaiOS. Ziliwavutia wazazi kwa bei yake, lakini kabla ya kununua ujue jambo moja: WhatsApp iliondolewa katika duka la programu la mfumo huo Juni 2024, na kampuni ikatangaza kusitisha huduma kwa simu hizo mwanzoni mwa 2025. Muuzaji akikuambia "hii ina WhatsApp," mwombe aifungue mbele yako.

Simu janja inaanza kuwa na maana mtoto anapofika sekondari na kazi zake zikahitaji kusoma mtandaoni. Taasisi ya Elimu Tanzania ina maktaba mtandao yenye vitabu vya kiada, na Baraza la Mitihani hutangaza matokeo kupitia tovuti yake. Hizo ni kazi halali za simu janja. Kumbuka pia kwamba WhatsApp, Facebook, Instagram na TikTok zenyewe zimeweka umri wa chini kuwa miaka 13. Huko Australia serikali imekwenda mbali zaidi: tangu tarehe 10 Desemba 2025, mitandao mikubwa ya kijamii inatakiwa kuwazuia watoto walio chini ya miaka 16 kuwa na akaunti. Ufaransa nayo ilipiga marufuku simu kwa wanafunzi wa shule za msingi na za kati tangu 2018. Kwa hiyo mzazi wa Kyela anayesema "subiri kidogo" hajachelewa wala hajapitwa na wakati.

Laini ina jina lako

Kwa Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009, mtoto ni mtu yeyote aliye chini ya umri wa miaka 18. Usajili wa laini nchini hufanywa kwa alama za vidole pamoja na namba ya Kitambulisho cha Taifa, na mtoto hana kitambulisho hicho. Maana yake, laini iliyo ndani ya simu ya mtoto imesajiliwa kwa jina la mtu mzima, na mara nyingi mtu huyo ni wewe.

Hapo ndipo penye uzito. Laini hiyo inaweza kufungua akaunti ya pesa mtandao. Akaunti ya pesa inaweza kukopa salio na kukopa fedha. Inaweza pia kutumika kubeti. Sheria inakataza aliye chini ya miaka 18 kucheza michezo ya kubahatisha, lakini kampuni inayopokea dau inaona laini ya mtu mzima mwenye kitambulisho. Haimwoni kijana wa kidato cha pili aliyekaa chini ya mwembe. Deni likija, linakuja kwa jina lako. Mtu akitapeliwa kupitia namba hiyo, polisi wataanza na jina lako.

Kwa hiyo fanya mambo matatu. Kwanza, usimwachie mtoto atafute laini mwenyewe kwa wauzaji wa barabarani, na usikubali laini iliyosajiliwa kwa jina la mtu msiyemjua. Nendeni pamoja kwa wakala anayetambulika na umweleze kuwa laini ni ya mtoto. Pili, kama hakuna sababu ya lazima, usifungue pesa mtandao kwenye laini hiyo. Ikibidi ifunguliwe, namba ya siri ibaki kwako. Tatu, piga *106# kila baada ya muda ili uone ni namba ngapi zimesajiliwa kwa kitambulisho chako. Ukikuta usiyoitambua, nenda kwenye duka la kampuni husika ukaifute.

Usidanganywe na maandishi ya boksi

Ukishajua kazi ya simu, sasa soma boksi. Mambo manne yanatosha.

La kwanza ni RAM, yaani kumbukumbu ambayo simu hutumia inapofanya kazi. Hapa wateja wengi huchanganywa. Boksi linaandika "8GB" kwa herufi kubwa, kisha chini, kwa maandishi madogo, "4GB + 4GB." RAM halisi ni ile 4 ya kwanza. Nyingine imeazimwa kutoka kwenye hifadhi ya simu na haina kasi ile ile. Muulize muuzaji RAM halisi ni ngapi. Kwa mwanafunzi, 3GB hadi 4GB halisi zinatosha. Chini ya hapo simu itaanza kukwama baada ya miezi michache, na mtoto ataanza kudai nyingine.

La pili ni hifadhi, mahali picha, vitabu na programu zinapokaa. Simu ya 32GB haimpi mtoto 32GB, kwa sababu mfumo wenyewe unachukua sehemu kubwa kabla hajaweka chochote. Chukua 64GB au zaidi, na uangalie kama ina nafasi ya memori kadi.

La tatu ni mtandao. Hakikisha simu inashika 4G, na laini nayo iwe ya 4G. Laini ya zamani inaweza kubadilishwa kwenye duka la kampuni bila kupoteza namba. Kisha chagua kampuni ambayo mnara wake unasikika pale mtoto anapolala na anaposoma. Katika vijiji vya mwambao chini ya Milima ya Livingstone, mtandao mmoja unaweza kusoma vizuri na mwingine usisome kabisa. Kabla hujanunua laini, jaribu kwa simu ya jirani.

La nne ni betri. Betri ya 5,000mAh sasa inapatikana hata kwenye simu za bei ya chini, na huku kwetu umeme hukatika, kwa hiyo usichukue pungufu bila sababu. Kamera usiipe uzito. Kwa kupiga picha ukurasa wa daftari, kamera yoyote ya kawaida inatosha.

Kuna gharama nyingine ambayo haiandikwi kwenye boksi, nayo ni bando. Ukimpa mtoto bando la shilingi 2,000 kwa wiki, kwa mwaka ni shilingi 104,000. Kama simu uliinunua laki mbili, bando la mwaka mmoja limezidi nusu ya bei yake. Weka hesabu hiyo kabla, pamoja na kava na kioo cha kinga.

Mvua, ziwa na mpaka

Kyela ni kati ya maeneo yanayopata mvua nyingi nchini, na hewa yetu ina joto na unyevu. Mtoto anatembea kwenye mvua, anapanda mtumbwi, anavuka mabondeni. Simu nyingi za bei ya chini hazijatengenezwa kwa maji.

Angalia herufi IP zinazofuatwa na tarakimu mbili. Tarakimu ya mwisho ndiyo ya maji. Ikiwa 4, simu inastahimili matone na marashamarasha tu. Ikiwa 7, imepimwa kwa kuzama kwenye maji ya mita moja kwa dakika 30. Ikiwa 8, inakwenda zaidi ya hapo. Simu za 7 na 8 kwa kawaida ni za bei kubwa. Kama simu haina alama yoyote, ihesabu kuwa haitaki maji, na mnunulie mtoto kipochi kisichopitisha maji.

Ikilowa, izime, toa laini, futa kwa kitambaa kikavu, iache mahali penye hewa, na usiichomeke kwenye chaji mpaka ikauke. Usiifukie kwenye mchele. Mapema mwaka 2024 hata kampuni ya Apple iliwaonya wateja wake dhidi ya desturi hiyo, kwa sababu chembe ndogo za mchele zinaweza kuingia na kuharibu simu. Mchele wa Kyela tuuache kwenye sufuria.

Kwa wanaoishi karibu na Mto Songwe, kuna jambo la ziada. Simu inaweza kushika mnara wa Malawi bila wewe kujua, na hapo salio huweza kukatwa kwa viwango vya nje ya nchi. Hali hiyo huitwa romingi, yaani simu kutumia mtandao wa nchi nyingine. Fungua mipangilio ya mtandao, zima romingi ya data, kisha chagua mtandao wako wa Tanzania badala ya kuiacha simu ijichagulie. Mfundishe mtoto kuangalia jina la mtandao juu ya kioo kabla hajawasha data.

Simu ya mtumba, ya mkopo na ya zawadi

Simu iliyotumika inaweza kuwa chaguo zuri, lakini ina mitego. Piga *#06# upate namba ya IMEI na uilinganishe na ile ya kwenye boksi. Zisipofanana, iache. Katikati ya Juni 2016 Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania, TCRA, ilizima simu bandia nchini, na waliokuwa wamenunua bila kuangalia walibaki na kifaa kisichopiga. Hakikisha mwenye simu ameondoa akaunti yake ya Google au ya Apple. Akiiacha, simu ikifutwa itadai nenosiri ambalo huna. Jihadhari pia na iPhone za zamani zinazouzwa kwa bei ya kutupa. Tangu Mei 2025, WhatsApp haifanyi kazi tena kwenye iPhone 5s, 6 na 6 Plus. Dai risiti, maana bila risiti huna cha kuonyesha simu ikidaiwa kuwa ya wizi.

Simu za mkopo nazo zimeenea. Unatoa kianzio, unaichukua, na unalipa kila siku au kila wiki. Usipolipa, simu inajifunga. Utaratibu huo unamfaa mwenye kipato cha kila siku, kama dereva wa bodaboda au mama mwenye genge. Mkulima wa kakao anayesubiri mnada, au wa mpunga anayevuna kwa msimu, anaweza kujikuta na simu iliyofungwa mwezi ambao shamba halina kitu. Kabla ya kusaini, jumlisha malipo yote hadi mwisho, ulinganishe na bei ya taslimu. Kama unaweza kusubiri msimu, subiri.

Aina ya tatu ndiyo ya hatari kuliko zote: simu ambayo hukuinunua wewe. Binti akionekana na simu mpya na kusema amepewa na "rafiki," usinyamaze kwa sababu imekuokolea gharama. Mtu mzima anayempa mwanafunzi simu kwa siri mara nyingi anatafuta njia ya kuzungumza naye bila wewe kujua. Sheria ya Elimu, kama ilivyorekebishwa mwaka 2016, inaweka kifungo cha miaka 30 kwa anayempa mimba au kumuoa mwanafunzi, lakini sheria hiyo huja baada ya madhara. Wewe uliza mapema na kwa upole, simu irudishwe, na jina la aliyetoa lijulikane. Ukianza kwa kipigo, mtoto atajifunza kuficha vizuri zaidi.

Kabla hujamkabidhi

Simu ikishanunuliwa, usimpe mtoto boksi likiwa limefungwa. Kaeni pamoja saa moja mfanye haya.

Wekeni namba ya siri ya kufungua kioo, nawe uijue. Hili ni muhimu zaidi kwa wanaopeleka simu kuchajishwa dukani, ambako kifaa hukaa kutwa mikononi mwa wengine.

Fungueni akaunti ya Google kwa tarehe halisi ya kuzaliwa. Wazazi wengi hudanganya umri ili mambo yaende haraka, na matokeo yake mitandao humhesabu mtoto kuwa mtu mzima na kumletea maudhui ya watu wazima. Kama nawe una simu janja, tumia programu ya bure ya Google inayoitwa Family Link. Itakuwezesha kuidhinisha programu anazopakua, kuweka muda wa matumizi kwa siku na kuifunga simu usiku.

Kwenye WhatsApp, zima upakuaji wa picha na video unaojiendesha wenyewe, maana unakula bando. Weka watu wanaoweza kumuunga kwenye makundi wawe wale tu walio kwenye orodha yake ya majina. Picha yake ya wasifu nayo ionwe na hao tu. Washa uthibitishaji wa hatua mbili.

Kama wewe unatumia kitochi na mambo haya yanakupiga chenga, bado una nguvu. Kanuni ya nyumba haihitaji programu. Simu ilale sebuleni au chumbani kwa wazazi kuanzia saa tatu usiku. Isifike mezani wakati wa kula. Bando lipitie kwako. Na mweleze wazi kwamba unaweza kuiomba na kuiangalia mbele yake. Kuipekua kwa siri kutavunja imani yake kwako.

Likitokea tatizo

Mwaka 2022 utafiti uitwao Disrupting Harm, uliofanywa na UNICEF, ECPAT na INTERPOL, ulionyesha kuwa katika mwaka mmoja asilimia 4 ya watoto wa Tanzania wa miaka 12 hadi 17 wanaotumia intaneti walifanyiwa unyanyasaji wa kingono wa wazi kupitia mtandao. Yaani katika kila watoto 25, mmoja. Darasa la wanafunzi 50 lina watoto wawili wa namna hiyo.

Kwa hiyo mwambie mtoto maneno haya kabla hajaanza kutumia simu: mtu akikuomba picha ya mwili wako, akikutisha, au akikutaka mkutane, niambie, na sitakunyang'anya simu kwa kuniambia. Sentensi hiyo ya mwisho usiiache. Watoto wengi hunyamaza kwa kuhofia kwamba wakisema watapoteza simu. Mweleze pia kuwa kusambaza picha za ngono za mtoto ni kosa kwa mujibu wa Sheria ya Makosa ya Mtandao ya 2015, hata kama aliyezisambaza ni mwanafunzi mwenzake aliyedhani ni utani.

Likitokea, usifute ujumbe. Hifadhi picha za mazungumzo, namba na tarehe, uende Dawati la Jinsia na Watoto katika kituo cha polisi. Mtoto mwenyewe anaweza kupiga 116, namba ya bure ya Huduma ya Simu kwa Mtoto. Kwa ujumbe wa matapeli wa "ile hela tuma kwenye namba hii," ripoti namba iliyotuma kupitia 15040.

Hizi namba mbili, 116 na 15040, mwandikie mtoto kwenye simu yake mpya kabla hajaweka za marafiki. Kisha chukua ile karatasi ya kazi za simu, uibandike ukutani. Baada ya miezi mitatu kaeni tena muisome. Kama simu inafanya kazi zilizoandikwa pale, ulinunua inayofaa. Kama inafanya nyingine kabisa, mna la kuzungumza, na ni afadhali mzungumze sasa kuliko siku ya matokeo.